Mashine iliyojua tarehe, ikadhani inajua saratani

Februari 2002 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha matokeo ambayo hata daktari mgumu kuamini angeyasoma mara mbili. Watafiti wa Marekani, Emanuel Petricoin, Lance Liotta na wenzao, walikuwa wameipa kompyuta sampuli 116 za damu ya wanawake bila kuiambia nani mgonjwa na nani mzima. Wanawake 50 kati yao walikuwa na saratani ya ovari. Kompyuta iliwataja wote 50. Kati ya 66 wasio na saratani iliwasingizia watatu tu. Jambo lililowatoa watu kwenye viti ni kwamba 18 kati ya wagonjwa hao walikuwa bado katika hatua ya kwanza ya ugonjwa, na hao nao walinaswa wote.

Uzito wa jambo hilo anaujua aliyewahi kumuuguza mtu mwenye saratani hii. Ovari zimejificha ndani kabisa ya nyonga, na uvimbe unaweza kukua humo kwa muda mrefu bila kuuma. Dalili zikija, zinakuja kwa sura ya mambo madogo: tumbo kujaa, kushiba upesi, kwenda haja ndogo kila mara. Mwanamke anakunywa dawa ya gesi, anaambiwa ni vidonda vya tumbo, miezi inapita. Wengi hugundulika ugonjwa ukiwa umeshatapakaa tumboni. Anayegundulika katika hatua ya kwanza ana nafasi ya zaidi ya asilimia 90 ya kuwa hai miaka mitano baadaye. Ukishasambaa mbali, nafasi hiyo hushuka hadi karibu theluthi.

Kipimo hicho cha 2002 leo hakipo katika maabara yoyote. Hakikuharamishwa na hakikuibwa. Kilikufa kwa namna ambayo ni lazima kuielewa kabla hujaamini habari yoyote ya kipimo cha damu kinachogundua saratani mapema, na habari hizo siku hizi zinatoka karibu kila mwezi.

Damu ina nini ndani yake

Damu ikishaganda kwenye chupa, juu yake hubaki maji ya manjano. Hayo ndiyo seramu, na ndani yake kuna maelfu ya aina za protini. Nyingine ni za damu yenyewe, nyingine zimemwagwa na ini, nyingine zimevuja kutoka kwenye seli zinazokufa popote mwilini. Kwa nadharia, uvimbe nao lazima uache alama yake humo: protini yake mwenyewe, au protini za kawaida zilizokatwakatwa na vimeng'enya vyake.

Wazo la kutafuta alama moja ni la zamani. Katika miaka ya 1840 daktari wa London aitwaye Henry Bence Jones alipewa mkojo wa mgonjwa uliokuwa na tabia ya ajabu. Kitu fulani ndani yake kiliganda ulipopashwa moto kidogo na kuyeyuka tena ulipochemka. Ilikuwa protini inayomwagwa na saratani ya uboho. Zikafuata nyingine katika karne ya 20, kama AFP ya saratani ya ini, CEA ya utumbo mpana, PSA ya tezi dume na CA-125 ya ovari. Zote zina kasoro moja. Hazipandi kwa saratani peke yake, na saratani ikiwa changa mara nyingi hazipandi kabisa.

Ndipo likaja wazo la pili, la kuacha alama moja na kutazama mchoro mzima. Sampuli ya seramu inapakwa kwenye kibati chenye uso unaonasa baadhi ya protini, miale ya leza inazipiga, nazo zinaruka ndani ya bomba. Nyepesi zinafika mwisho mapema, nzito zinachelewa. Mashine inarekodi na kutoa mstari wenye vilele na mabonde, namba 15,000 hivi kwa kila mtu. Kompyuta ya mwaka 2002 ilipewa kwanza sampuli 100 za kujifunzia, 50 za wagonjwa na 50 za wazima, ikatafuta vilele ambavyo vikitazamwa pamoja vinayatenganisha makundi hayo mawili. Ikachagua vitano.

Protini zilizotoa vilele hivyo vitano hazikujulikana. Mashine ilitoa uzito tu, bila jina. Waliolitetea wazo hili walisema majina si ya lazima, na hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Ukiwa umelala chumbani unaweza kumtambua jirani kwa mlio wa ndala zake kabla hajapiga hodi, bila kujua ndala hizo zimetengenezwa kwa nini. Shida inakuja pale ndala zinapoazimwa.

Vilele visivyowezekana

Waandishi wa utafiti walifanya jambo la kiungwana ambalo wengi hawalifanyi hata leo: waliweka takwimu zao wazi kwenye intaneti, pamoja na seti nyingine walizopima baadaye. Katika kituo cha saratani cha MD Anderson, Houston, wanatakwimu Keith Baggerly, Kevin Coombes na Jeffrey Morris walizipakua na kuanza kuzifanyia hesabu upya.

Kwanza waliona kwamba vilele vilivyowatenganisha wagonjwa katika seti moja havikuwatenganisha katika seti nyingine. Hilo lingeweza kusameheka, kwa kuwa vibati vilikuwa vimebadilishwa. La pili lilikuwa baya zaidi. Katika seti mojawapo wagonjwa na wazima walitenganishwa kikamilifu hata kwa kutumia sehemu ya mchoro ambayo haina habari yoyote ya protini. Mwanzoni kabisa mwa mstari, kwenye uzito mdogo, mashine hizi hupiga kelele tu: mabaki ya kemikali za kunasia na mtikisiko wa umeme. Wachambuzi wengine walipata tofauti kubwa kati ya makundi hayo hata kwenye uzito usiofika 3. Atomu moja ya haidrojeni ina uzito wa 1. Hakuna protini yenye uzito wa atomu tatu za haidrojeni, iwe ya saratani au ya kitu kingine chochote.

Kwa hiyo mashine ilikuwa inatofautisha kitu, na kwa usahihi wa kutisha, ila kitu hicho hakikuwa ugonjwa. Katika seti moja ya baadaye wazima walikuwa wamepimwa zaidi siku za mwanzo na wagonjwa siku za mwisho. Siku hizo za mwisho mashine haikuwa sawa na siku ya kwanza. Kompyuta iliambiwa itafute tofauti kati ya makundi mawili, ikaipata tofauti iliyokuwa kubwa kuliko zote: tarehe.

Petricoin na Liotta walijitetea kwamba seti zile za baadaye zilikuwa za majaribio ya mitambo na si uthibitisho wa kipimo. Mabishano yaliendelea kwa miaka kwenye kurasa za majarida. Wakati huohuo kampuni ya Correlogic ilikuwa imeshakipa kipimo jina la OvaCheck na kuingia mkataba na maabara mbili kubwa za Marekani ili kianze kuuzwa mwaka 2004. Mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, FDA, iliingilia kati mwaka huohuo kwa barua. OvaCheck haikuingia sokoni.

Msomaji makini atauliza swali ambalo nami niliwahi kulikwamia. Si walifanya jaribio la siri? Kompyuta haikuambiwa nani ni nani katika zile sampuli 116, sasa ilidanganyikaje?

Hapa kuna makosa mawili yanayofanana sura, na watu huyachanganya. La kwanza ni bahati nasibu. Ukiwa na wanafunzi 100 na maswali 15,000 juu ya kila mmoja (rangi ya begi, tarakimu ya mwisho ya namba ya simu, alikula nini Jumanne), hutakosa maswali matano yanayowagawanya waliofaulu na waliofeli bila kosa hata moja. Ukiwaletea wanafunzi wapya, mgawanyo huo unaporomoka. Jaribio la siri linalinasa kosa hili vizuri sana.

La pili ni upendeleo uliofichwa kwenye sampuli zenyewe, na kwa hili jaribio la siri halifui dafu. Ikiwa damu ya wagonjwa ilitolewa hospitalini asubuhi ya upasuaji, mgonjwa akiwa na njaa na hofu, na damu ya wazima ikatolewa kliniki mchana, basi tofauti hiyo imo katika sampuli za kujifunzia na imo pia katika sampuli za siri. Zote zimetoka kwenye jokofu moja. Unaweza kuficha majina upendavyo, harufu ya jokofu haifichiki. David Ransohoff wa Chuo Kikuu cha North Carolina aliandika sana juu ya jambo hili miaka ile, na kwa maoni yangu hakuna aliyelieleza vizuri kumshinda.

Damu si kitu kilichotulia. Ikiachwa mezani saa moja zaidi, vimeng'enya vya kugandisha vinaendelea kukatakata protini. Ikigandishwa, ikayeyushwa, ikagandishwa tena, mchoro unabadilika. Aina ya chupa, muda wa kuzungushwa, miaka kwenye jokofu: kila kimoja kinaacha alama yake, na nyingi ya alama hizo ni kubwa kuliko alama ya uvimbe mdogo.

Udogo wenyewe ni wa kustaajabisha. Lita moja ya seramu ina gramu 35 hadi 50 za albumini pekee, ambayo hutengenezwa na ini, kiungo cha kilo moja na nusu hivi. Protini ndogo za kupelekeana ujumbe kati ya seli hupimwa kwa sehemu za trilioni za gramu katika mililita. Kutoka protini iliyo nyingi kabisa hadi zile adimu kuna tofauti ya zaidi ya mara bilioni 10, idadi inayowapita binadamu wote walio hai. Uvimbe wenye ukubwa wa punje ya choroko unajaribu kusikika katikati ya kelele za ini zima. Mashine za 2002 zilisikia protini zenye sauti kubwa tu. Vilele vingi vilipokuja kupewa majina baadaye, vilikutwa ni protini za kawaida za ini ambazo hupanda na kushuka mwili ukiwa na uchochezi wowote, jambo ambalo Eleftherios Diamandis wa Toronto alikuwa akilipigia kelele mapema.

Hesabu ya mwanamke mmoja kati ya 2,500

Sasa tuseme kasoro zote hizo hazikuwepo, na kipimo kilikuwa kizuri kama kilivyotangazwa: kinanasa wagonjwa wote, na kati ya wazima 100 kinawasingizia watano tu. Kingefaa kupewa kila mwanamke aliyekoma hedhi?

Saratani ya ovari ni adimu. Kati ya wanawake 2,500 waliokoma hedhi, wakati wowote utakaowapima, mmoja hivi ndiye anayo bila kujua. Kipimo kitampata huyo mmoja. Kitawapata pia asilimia 5 ya wengine 2,499, nao ni wanawake 125 wasio na kitu. Majibu ya wote 126 yanafanana. Na ovari si kama titi, ambalo daktari anaweza kuingiza sindano na kuchota kipande. Ukitoboa uvimbe wa ovari unaweza kumwaga seli za saratani tumboni, kwa hiyo mara nyingi uhakika hupatikana kwa upasuaji. Ili kumpata mmoja, 125 wanaingia kwenye njia ya kuelekea kisu.

Mbona basi ile makala ya Lancet iliandika kwamba mtu akiambiwa anayo, kuna asilimia 94 ya kuwa kweli? Kwa sababu kati ya sampuli 116, wagonjwa walikuwa 50. Karibu nusu. Hakuna mtaa duniani wenye nusu ya wanawake wagonjwa wa ovari. Nilidhani kosa la namna hiyo lisingerudiwa, lakini mwaka 2008 kipimo kingine cha protini sita, OvaSure, kiliingia sokoni Marekani kikitangaza uhakika wa asilimia 99 kwa hesabu ileile. Ukiweka idadi halisi ya wagonjwa katika jamii, uhakika huo unashuka hadi asilimia 6 hivi. Kiliondolewa ndani ya miezi michache baada ya FDA kuandika barua.

Gharama ya chanya za uongo, yaani kuwasingizia wazima, si nadharia. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uitwao PLCO wanawake zaidi ya 78,000 waligawanywa. Nusu wakapimwa CA-125 na kupigwa picha za mawimbi ya sauti, nusu wakaachwa na huduma ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Waliopimwa hawakufa kwa uchache kuliko wengine. Katika kundi lililopimwa wanawake 3,285 waliambiwa wana dalili ya saratani wasiyokuwa nayo, 1,080 kati yao wakapasuliwa, na 163 wakapata madhara makubwa ya upasuaji.

Uingereza ilijaribu kwa ustadi zaidi. Utafiti wa UKCTOCS uliandikisha wanawake zaidi ya 200,000 kati ya 2001 na 2005. Badala ya kumlinganisha mwanamke na kiwango kimoja cha wote, ulimlinganisha na yeye mwenyewe, mwaka hadi mwaka. Ulifanikiwa kugundua saratani nyingi zaidi katika hatua za mwanzo. Majibu ya mwisho yalipotoka 2021, vifo havikuwa vimepungua. Habari hii huwa naiona ngumu kuimeza kuliko ile ya mashine na tarehe, maana hapa kila kitu kilifanyika sawasawa. Huenda uvimbe wa aina mbaya zaidi unasambaa mapema mno, na ule unaokubali kunaswa ukiwa mdogo ni ule ambao haukuwa na haraka.

Kizazi kipya cha vipimo

Utafiti wa sasa umegeuza mambo mawili, na yote mawili yanaonekana kuwa majibu kwa aibu ya 2002.

La kwanza ni majina. Teknolojia ya kampuni ya Olink ya Uppsala, Uswidi, hutumia jozi za kingamwili (protini za kinga zinazoshika kitu kimoja maalumu) kwa kila protini inayotafutwa. Kila kingamwili inabeba kipande cha DNA, na vipande hivyo huungana pale tu kingamwili zote mbili zinaposhika protini ileile. Kinachohesabiwa mwishoni ni DNA, ambayo inaweza kurudufiwa hata ikiwa kidogo sana. Sauti ndogo sasa inasikika, na msemaji anajulikana.

La pili ni jokofu. Hifadhi ya UK Biobank ilichukua damu ya watu wapatao 500,000 wenye miaka 40 hadi 69 kati ya 2006 na 2010, wakati huo hakuna aliyejua nani ataugua. Chupa zilikuwa zilezile, taratibu zilezile, foleni moja. Miaka ikapita, baadhi wakapata saratani, na watafiti wakarudi kwenye chupa za zamani. Mwaka 2024 kundi la Oxford lilichapisha uchambuzi wa protini 1,463 katika damu ya watu zaidi ya 44,000. Walipata mahusiano 618 kati ya protini fulani na saratani fulani miongoni mwa aina 19, na 107 kati ya mahusiano hayo yalibaki hata kwa watu waliogundulika zaidi ya miaka saba baada ya kutoa damu. Sehemu kubwa ni ya saratani za damu yenyewe, ambazo humwaga mazao yake moja kwa moja kwenye mishipa. Yule mgonjwa wa Bence Jones asingeshangaa. Hata hivyo kuhusiana si kugundua. Protini inaweza kuwa juu kidogo kwa wastani wa kundi zima la watakaougua na bado isikuambie lolote juu ya mtu mmoja aliyeketi mbele ya daktari.

Mwaka huohuo makala nyingine ilizunguka sana mitandaoni: protini 10 kwa wanaume na 10 kwa wanawake, aina 18 za saratani, asilimia 93 ya wanaume wa hatua ya kwanza na asilimia 84 ya wanawake wakinaswa, huku wazima wakisingiziwa kwa asilimia 1 tu. Wagonjwa walikuwa 440, tayari wamegundulika. Wazima walikuwa 44. Kati ya watu 44, ukimsingizia mmoja tu tayari ni zaidi ya asilimia 2. Hiyo asilimia 1 haiwezi hata kupimwa kwa idadi hiyo.

Kuna kundi ambalo limethubutu kutoka maabara kwenda mtaani. Watafiti wa Johns Hopkins walichanganya protini nane na mabadiliko katika jeni 16, na mwaka 2018 wakatangaza kwamba kati ya wazima 812 waliwasingizia saba tu. Hatua ya kwanza walinasa asilimia 43, namba ya unyenyekevu ambayo kwangu inaongeza imani. Kisha toleo la awali la kipimo hicho likajaribiwa kwa wanawake zaidi ya 10,000 wenye miaka 65 hadi 75 wasio na historia ya saratani. Saratani 96 zilijitokeza katika kipindi hicho. Kipimo cha damu ndicho kilichotangulia kuziona 26, uchunguzi wa kawaida kama mamografia (picha ya matiti) ukaona 24, na 46 hazikuonwa na chochote kati ya hivyo.

Damu ya kwetu

Washiriki wa UK Biobank ni Wazungu kwa asilimia 94 hivi. Mchoro uliochorwa kwao umejifunza "uzima" wa watu wasioishi na malaria, kichocho, wala homa ya ini B kama sisi, na kila kimoja cha hivyo kinasukuma protini za uchochezi juu. Mtu mzima wa Mwanza au Kisumu anaweza kuonekana si mzima machoni pa kompyuta iliyosomea Uingereza. Suluhisho ni damu ya hapa, ikusanywe kabla ya ugonjwa, ihifadhiwe kwa utaratibu mmoja, kwenye majokofu yasiyokatikiwa umeme. Ni kazi ya miaka 15, isiyo na picha za kupendeza za kuzindulia.

Kwa sasa kinachomfikia mwananchi ni alama zile za zamani. Anaingia maabara binafsi kwa ajili ya vipimo vya jumla, anauziwa na CA-125 juu yake kama "kipimo cha saratani", na karatasi inarudi ikionyesha 60 wakati kikomo ni 35. Usiku huo halali. Lakini CA-125 hupandishwa pia na uvimbe wa kawaida kwenye kizazi, na endometriosisi (tishu kama za ndani ya kizazi kuota nje yake), na ujauzito wa miezi ya mwanzo, na ugonjwa wa ini. Kifua kikuu cha tumboni kinaweza kuipaisha hadi mamia, na kimewahi kuwapeleka wanawake upasuaji wa saratani wasiyokuwa nayo. Akifika na karatasi yake kwa daktari bingwa wa wanawake, moja ya maswali ya kwanza atakayoulizwa litamshangaza. Ataulizwa damu ilitolewa siku gani ya mwezi, kwa sababu wakati wa hedhi CA-125 hupanda yenyewe.